Sebule ya Papa Kambale

Leo Jumamosi, Butembo. Naahidi kusimulia yote, hata ya aibu.

Filamu yetu ya shule imeharibiwa na ukarimu!

Papa Kambale alikuwa askari wakati wa vita. Sasa analala barazani pa duka lililofungwa, karibu na soko. Tulitaka wazazi wamwone katika filamu kesho baada ya misa, wamtafutie chumba.

Jana tulimwarifu kwamba tunakuja.

Leo tukakuta sofa, pazia na maua ya plastiki! Akina mama wa soko wamemwazima vyote.

"Mama Masika, tuondoe hata pazia," nikamwomba mmoja wao.

"Ati nini? Bageni banakuya, mutu akae kama mbuzi? Hapana!"

Papa akakunja mguu kama gavana. "Karibuni kwangu, batoto. Mutakunywa chai?"

(Chai pia ya kuazima.)

Tukarekodi. Nani ataamini hana nyumba?

Tulipozima simu, akina mama wakachukua vitu vyao kimoja kimoja. Papa akabaki amesimama na ufagio.

"Lakini mulipokelewa muzuri?"

"Vizuri sana, Papa."

Akatabasamu mno.

Nijibuni leo, rafiki zangu: tumwombe arekodiwe bila sofa, au tuwaoneshe wazazi hii hii, kisha tuwaambie sofa ilirudi kwa nani?