Kioo cha Sita cha Mama Barafu

Maabara nzima ilimwita Mama Barafu. Hata mumewe akipiga simu ya mezani alimwulizia kwa jina hilo. Kazi yake ilikuwa kugandisha seli. Seli za saratani ya ubongo zilikuzwa juu ya vioo vidogo, zikawekewa dawa, kisha yeye akazigandisha kwa kufumba na kufumbua ili dawa isihame ilipofika, ndipo zipigwe picha. Dawa ile ilikuwa ya tiba ya mionzi, ambayo huunguza seli iliyobeba dawa na kumwacha jirani yake. Kwa hiyo daktari aliyeongoza utafiti alitaka kujua kama dawa imeingia hadi kwenye kiini cha seli au imeishia pembeni.

Kwa miaka kumi na minne mkono wake haukutetemeka. Ukifungua mlango alikwambia, "Funga, wanangu hawapendi upepo."

Jumanne moja asubuhi picha zilitoka safi kuliko zote, dawa imejaa kwenye viini. Daktari, ambaye si mtu wa kucheka, alipita vyumba vyote akizionyesha huku anacheka. Ijumaa ripoti ingekwenda kwa jopo, nalo lingepanga kiasi cha dawa cha wagonjwa wa kwanza.

Mchana Mama Barafu hakula. Alikuja mezani kwangu, nilikotunza daftari la saa za kila kioo, akaliomba, akaweka kidole kwenye mstari wa kioo cha sita. Saa ya kutolewa kwenye dawa ilikuwapo. Ya kugandishwa haikuwapo. Alisema dada yake alikuwa amempigia simu kwamba mama yao ameanguka bafuni, naye akakiacha kioo mezani dakika mbili, labda zaidi. Seli zilikauka.

"Seli iliyokufa haina mlango," alisema. "Dawa inajiingilia mpaka chumbani."

Picha zote nzuri zilitoka kwenye kioo hicho. Na mkataba wake ulikuwa unaisha mwezi ule.

Tulikwenda pamoja kwa daktari. Daktari alisikiliza hadi mwisho.

"Mama, si ungeniambia asubuhi?"

"Asubuhi ulikuwa unacheka, daktari. Sijawahi kukuona ukicheka."

Jumatano alirudia vioo kumi na viwili, mimi nikimhesabia sekunde. Dawa ilifika kwenye kiini katika seli chache tu. Daktari aliandika hivyohivyo, na jopo likaahirisha kuwatibu wagonjwa mpaka dawa irekebishwe.

Mkataba uliletwa wiki iliyofuata, wa miezi sita badala ya miaka miwili kama kawaida. Aliusoma wote akiwa amesimama, akatia saini, akaenda kuvaa glavu.