Geji ya Saba ya Jerusha Cherotich

Kila mwaka mwezi wa Juni, theluji inapoanza kuanguka milimani na mafundi wa barabara wanapofunga kazi, geji tisa za kampuni moja ya kupima udongo hurudishwa Seven Hills, kitongoji cha Sydney, kulala hadi majira ya baridi yaishe. Siku hiyo Jerusha Cherotich huvaa koti lake la buluu, hubandika kifuani beji ya kunasa mionzi inayompata, kisha hutoka nje kupima maegesho ya magari.

Ndiyo, maegesho. Wafanyakazi wapya humcheka. Kuna nini cha kupima pale, zaidi ya madoa ya oili na upepo? Lakini Jerusha husimama katikati ya lami, huinua mita yake ya mionzi, husubiri dakika nzima, kisha huandika namba kwenye daftari lenye jalada jekundu. Namba hiyo, husema, ni ya mahali pasipo na kitu. Bila kuijua hiyo, hujui lolote.

Geji yenyewe ni mashine ya njano, ukubwa wake kama cherehani. Ndani yake mna ufito wa chuma, na kwenye ncha ya ufito mna chembe ya madini yenye mionzi. Fundi huushusha ufito kwenye shimo barabarani, mionzi ikapenya udongoni, na mashine ikasema kama udongo umeshindiliwa vya kutosha. Ufito ukiwa juu, chembe imejificha ndani ya kinga nzito na mashine haina neno. Ufito ukiwa chini, mkono wa mtu hauna kazi karibu nayo.

Jerusha alizijua hatari za namna hiyo kabla hajaziona geji. Kwa miaka ishirini na miwili alitunza maabara ya shule moja ya wasichana huko Kericho, na katika miaka hiyo hakuna msichana aliyeungua na asidi chini ya uangalizi wake. Alipomfuata binti yake Sydney, kazi ya kwanza aliyopata katika kampuni hii ilikuwa kupiga deki. Aliipiga deki maabara yao ya udongo kwa miaka mitatu, akisoma vitabu vyao wakati wa chakula cha mchana, na akiwa na miaka hamsini na minne alifanya mtihani wa leseni ya mionzi na kuufaulu. Leo hakuna geji inayolala bila sahihi yake.

Mwaka huu geji zilifika asubuhi ya Alhamisi. Lazare, dereva Mrundi mwenye sauti ya chini, alizishusha moja moja katika masanduku yake. Wekesa, injinia kijana wa kutoka Bungoma na msimamizi wa Jerusha, alikuwa amekwisha kufika na karatasi zake, kwa sababu mkaguzi alitarajiwa kesho yake.

"Madam, leo tukimbie kidogo," alisema. Humwita Madam kwa utani, lakini utani huo una woga wa mwanafunzi ndani yake. "Tuzioshe kwanza, tupime baadaye."

"Ukiosha kwanza, umefuta ushahidi," Jerusha alijibu. "Lazare, leta la kwanza."

Utaratibu wake hautikisiki. Kila sanduku huwekwa peke yake juu ya alama ya chaki sakafuni, mbali na mengine, nalo hupimwa likiwa bado limefungwa. Ndipo hufunguliwa, geji ikapanguswa udongo, ufito ukatiwa grisi, betri ikachajiwa, na kinga ikafutwa kwa kitambaa kidogo kinachopelekwa kupimwa kama kuna kilichovuja. Sita za kwanza zilikwenda vizuri. Namba zake zililingana na za mwaka jana.

La saba likawekwa juu ya chaki. Jerusha aliinama na mita, akasubiri, akakunja uso. Akaligusa kwa mguu. Akapima tena.

"Vipi?" Wekesa aliuliza.

"Chini."

"Chini ni vizuri, Madam! Ingekuwa juu ningeogopa. Andika tuendelee."

"Ukifunua sufuria ya ugali jikoni ukaikuta baridi, unashangilia?"

"Naangalia kama gesi imeisha."

"Basi na tuangalie." Alifungua daftari jekundu na kumwonyesha. Namba ya sanduku la saba ilikuwa ileile ya maegesho.

Wekesa aliacha kutabasamu.

Lilipofunguliwa, geji ya njano ilikuwemo, nzito kama inavyotakiwa, imegandwa na matope. Jerusha aliyalowesha matope ya ubavuni kwa kitambaa hadi kibati cha namba kikaonekana. Haikuwa namba ya geji ya saba. Ilikuwa ya geji ya kufundishia, ile ya kambi ya milimani wanakofundishwa mafundi wapya, iliyotengenezwa na uzito uleule lakini bila chembe yoyote ndani.

"Lazare," Jerusha alisema taratibu, "uliipakiaje hii?"

Lazare alikuwa amekwisha kushika kichwa. "Mama Jerusha, zilikuwa mbili kwenye meza. Theluji ilianza. Mimi nilichukua ile ya karibu."

Hakuna aliyehitaji kuelezwa zaidi. Geji halisi ilikuwa imebaki milimani, mwendo wa saa sita kwa gari, mahali ambapo kila mtu aliidhani ya mchezo. Na Alhamisi hiyo, saa nne asubuhi, mwalimu aitwaye Diane alikuwa anaanza somo la mafundi wapya. Somo la kwanza ni kusafisha ufito. Kwa kuwa geji ya kufundishia haina kitu, wanafunzi huruhusiwa kuushika kwa mikono mitupu.

Saa ya ukutani ilisema saa nne na dakika kumi.

Wekesa alimpigia Diane. Simu ilikuwa imezimwa. Akapiga ofisi ya kambi. Ikaita hadi ikakata.

"Shemeji yangu Goreth!" Lazare alisema ghafla, akitoa simu yake. "Ndiye anapika huko. Simu yake haizimwi hata kanisani."

Goreth alipokea mara moja. "Shemeji! Umefika salama? Mbona unahema?"

Jerusha aliichukua simu na kuiweka kwenye spika. "Goreth, ni Mama Jerusha wa Seven Hills. Nisikilize, mama. Nenda darasani kwa Diane sasa hivi. Usiguse chochote. Mwambie mashine iliyo mezani kwake ni ya kweli. Watoke wote, afunge mlango."

"Ile ya njano?"

"Hiyohiyo."

Walisikia viatu vikikimbia, mlango, na Goreth akipaza sauti kwa Kiingereza chake cha jikoni kilichoeleweka kuliko hotuba. Kisha viti vikaburutwa. Jerusha alikuwa ameishika beji yake ya kifuani kwa vidole viwili, wala hakujua.

"Wametoka," Goreth alisema, akitweta. "Mama, walikuwa wanahangaika. Mashine ina kufuli, ufito haushuki, na Diane hakupata ufunguo. Kijana mmoja alikuwa ameingia na mkasi mkubwa wa kukatia vyuma!"

Jerusha alimgeukia Lazare. Lazare aliingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo mdogo wa shaba.

"Niliifunga kwanza," alisema. "Kila siku unatuambia, ikae mezani hata dakika moja, ifungwe. Nikaifunga. Halafu nikapakia ingine."

Geji ya saba ilifika kesho yake ikiletwa na watu wawili wenye leseni. Jerusha aliiweka juu ya chaki, akapima, na namba ikawa ileile ya mwaka jana. Mkaguzi aliambiwa yote kabla hajauliza. Wekesa ndiye aliyemsimulia, na hakujificha nyuma ya mtu.

Ilibaki taarifa ya kosa, ambayo lazima iandikwe na aliyelitenda. Lazare alikaa mbele ya karatasi muda mrefu, kalamu mkononi, mabega yameshuka. Mwishowe aliisogeza kwa Jerusha. Alikuwa ameandika mistari mitatu: kwamba alichukua mashine isiyopaswa kuchukuliwa, kwamba hakusoma namba, kwamba anaomba msamaha.

Jerusha aliisoma yote, kisha akamrudishia.

"Haijakamilika."

"Nimeacha nini, Mama?"

"Kufuli. Andika kwamba ulifunga kufuli. Mimi sitii sahihi kwenye nusu ya kipimo."

Lazare akainama tena juu ya karatasi. Jerusha akasubiri hadi amalize, akatia sahihi, ndipo akaenda kuilaza geji ya saba mahali pake.