Sindano Juu ya Chumvi

Mwalimu Constant alikuwa na bahati mbaya ya kupenda jambo ambalo mji mzima wa Bunia, mashariki mwa Kongo, haukulihitaji. Mwaka ule wa 2002 watu walikimbia risasi. Yeye alikimbizana na hesabu ya ngozi ya chumvi. Si chumvi ya mezani. Ni ya maabara, hukaa majimaji bila kupashwa moto, na chupa yake aliibeba kutoka Kisangani kama mtoto mchanga. Kila kimiminika kina ngozi juu, ndiyo inayobeba sindano isizame. Constant alitaka kutabiri ngozi hiyo itabadilika kiasi gani chumvi ikichanganywa na maji au pombe. Aligundua kwamba mchanganyiko hauna haki: chenye ngozi dhaifu hukimbilia juu, hivyo kidogo tu huharibu ngozi yote. Aliyemsikiliza hadi mwisho ni mwanafunzi mmoja, Fiacre. Kisha vita ikafunga chuo chao, na Fiacre akachukua bunduki.

Wapiganaji walipokuja kupekua nyumba ya mwalimu, Fiacre alikuwa miongoni mwao. Komanda wao, Fabrice, akainua chupa.

“Hii iko nini?”

“Chumvi, Komanda.”

“Chumvi ya maji? Weye unanicheka?”

Constant akafanya kitu pekee alichokijua: kufundisha. Akamimina kidogo kisahanini, akalaza juu yake sindano ya mkewe. Ikaelea. Fabrice akaruka kwa furaha.

“Muone! Chuma inakataa kuingia! Hii iko dawa ya risasi!”

Mungu wangu, hawa watakwenda kufa, akawaza Constant. Haraka akaomba lotoko, pombe kali isiyokosekana kwa mpiganaji, akadondosha kidogo. Sindano ikazama.

“Munaona? Haiko dawa.”

Fabrice akamtazama kwa heshima mpya. Dawa ya vita isiyo na mwiko angeishuku. Huyu amemwonyesha mwiko kwa macho.

“Basi, mwenye atakunywa lotoko, dawa yake inakufa.”

Constant akamgeukia Fiacre. “Baambie, Fiacre.”

Kijana akatazama chini. “Ni kweli, Komanda. Pombe inaharibu ngozi.”

Katika mtihani angepata alama zote.

Chupa ikamiminwa kwenye ndoo ya maji, wakapakwa wote. Chupa moja katika ndoo nzima: kwa hesabu ya Constant mwenyewe, walipakwa maji tu. Fabrice akaaga akicheka: “Dawa ikinidanganya, nitarudi kukuuliza weye.”

Lakini dawa haikumdanganya hata mara moja. Mtaa ukatulia, maana wapiganaji waliacha kulewa, na majirani wakamshukuru mwalimu. Aliyepigwa risasi, walisema, alikuwa amekunywa. Marehemu hakuwepo kubisha. Constant akaanza hata kulala usingizi.

Kisha Fiacre akauawa kwenye njia ya kwenda Gety. Mama yake, Charlotte, akaja kwa mwalimu, wapiganaji wawili wa Fabrice wakimsindikiza.

“Mwalimu, weye ulimujua. Banasema mutoto yangu alikunywa. Ni kweli?”

Fiacre, mwimbaji wa kwaya, ambaye hata soda aliinusa kwanza isije ikawa na pombe. Constant akataka kulia. Akawatazama wale wawili mlangoni, wakisubiri jibu pamoja na mama.

“Tone moja tu, mama,” akasema. “Tone moja inatosha.”

Mama Charlotte akafuta machozi, akamshukuru kwa kumwambia ukweli.