Vitabu vya Wageni

Leo nimefungua boksi la vitabu vya watoto hapa Kasese. Harufu ya gundi na karatasi mpya ikanipanda puani, na hasira ikapanda nayo.

Kule Bwera nilikokulia, maktaba yetu ilikuwa chumba kimoja nyuma ya kanisa. Vitabu vilikaa kabatini, na ufunguo ulikaa shingoni mwa mama aliyekiangalia chumba hicho. Vilitolewa tu siku wageni waliovileta walipokuja kututazama. Siku hiyo tulinawishwa kwa sabuni mpaka viwiko, tukapangwa mkekani, kila mtoto na kitabu chake, tukapigwa picha.

Changu kilikuwa na mchoro wa msichana katikati ya daraja la kamba. Mto umefurika chini yake, na kamba moja inakatika. Nikafunua ukurasa nione kama atavuka. Yule mama akanichapa vidole.

"Mutoto, nani amekuambia usome? Angalia kamera, cheka!"

Nikacheka. Gari la wageni halijafika hata barabarani, kabati limeshafungwa. Eti tutavichafua! Vikakaa safi humo ndani mpaka mchwa wakavimaliza. Wageni wakaleta vingine, navyo vikafungiwa.

Mpaka leo sijui kama yule msichana alivuka.

Mtoto wa jirani amesimama mlangoni pangu, mandazi mkononi, vidole vinang'aa mafuta. Anakitazama kitabu cha juu.

"Anti, ninawe kwanza?"

"Usinawe," nikamwambia. "Chukua. Kichafue."