Kabureta Iliyoogeshwa

Mjukuu wangu yuko kidato cha tatu, na kati ya masomo yote ya mikono kachagua ufundi wa magari. Baba yake, mwanangu wa pekee, alinuna wiki nzima, na akinuna yule hata maziwa yanaganda. Mwishowe akakata shauri: pikapu yetu, iliyolala uani tangu nina meno, ikiwaka Jumamosi mbele ya mwalimu wa karakana, binti abaki na spana zake. Isipowaka, Jumatatu anahamia ushonaji.

Ijumaa akaifungua kabureta, chombo kile cha kuchanganya petroli na hewa. Kila kipande alikipanga kwa mstari juu ya kanga yangu, kama walivyofundishwa, ili wakati wa kurudisha aufuate mstari kinyumenyume. Kisha akatoka kwenda kuazima brashi.

Mimi shule niliiona kwa nje, nikipita kwenda kisimani. Nilichokiona pale ni kanga yangu imejaa masizi. Nikavimwaga vyote kwenye beseni, nikavisugua kwa sabuni mpaka jua likaja kujitazama humo.

Aliporudi akaduwaa. "Bibi, vipande viko wapi?"

"Vimeoga, mke mwenzangu. Vinaota jua."

Nilingoja kilio, hakikuja. Alikaa chini, akafumba macho, vidole vikawa vinafungua kabureta hewani, skrubu moja baada ya nyingine. Alipofumbua alianza kuokota, na hadi magharibi beseni lilikuwa tupu.

Jumamosi mwalimu akaja. Binti akawasha, pikapu ikakohoa, ikanyamaza. Akarudia, ikapiga chafya tu. Mwanangu akaanza kumsimulia mwalimu habari za cherehani. Binti akashuka, akachomoa kwenye kabureta kipande cha shaba chenye tundu kama la sindano, akakipuliza. Likatoka povu, likapaa juu ya paa. Akanitazama. Mimi nikatazama mawingu.

Mara ya tatu pikapu ilinguruma hivi kwamba jogoo wa mtaa wa tatu aliacha kazi mpaka leo. Mwalimu akasema kabureta safi namna ile hajapata kuiona, akauliza mwanafunzi katumia dawa gani. Nikajibu mimi, maana binti ana haya.

Mwanangu aliizunguka pikapu mara mbili, akajikuna kichwa.

"Haya, Jumatatu nenda karakana," akamwambia binti. "Ukitoka uniangalizie na breki. Lakini kwanza mfungie bibi yako ndani."