Uzi Mfupi wa Fundi Spoki

Fundi Spoki hakuwa mtu wa hasira. Mtaa mzima ulimwita Spoki kwa sababu ya zile njiti za magurudumu alizozikaza tangu ujana wake, na jina lake la kuzaliwa likabaki la kutajwa hospitali tu. Mteja aliweza kupandisha baiskeli ukingo wa barabara kwa mbwembwe, rimu ikapinda kama sikio, kisha akarudi akidai haikunyooshwa vizuri. Spoki aliipokea, akaizungusha kidogo, akasema, "Iache hapo, pitia jioni." Hasira zake aliziweka mahali, kama watu wengine wanavyoweka sabuni ya wageni. Siku alipozitoa zilikuwa mpya kabisa, na anayejua alichofanyiwa hawezi kumwambia apunguze.

Habari yenyewe inaanzia kwenye banjo.

Aliiona sokoni kwenye rundo la vyombo vilivyokwisha tumika, imelala kati ya sufuria zisizo na mikono na feni isiyo na mapanga. Kilichomvuta hakikuwa muziki. Kilikuwa ule muundo wake: ngozi imewambwa juu ya duara, na kuizunguka duara kulabu za chuma na nati zake, zimepangwa kama spoki kwenye rimu. "Hili ni gurudumu," alimwambia muuzaji, "ila limeota shingo." Akaipeleka kibandani kwake, pale kati ya duka la dawa na duka la kutoa nakala. Akakaza nati moja huku, nyingine upande wa pili kule, vilevile anavyonyoosha rimu, na ngozi ilipokazika akaigonga kwa ukucha. Ikaitika. Kulikuwa na pedali ya mteja inayongoja kufungwa, na siku hiyo haikufungwa.

Banjo hiyo ilikuwa na nyuzi tano. Nne ni za kawaida, zinapanda mpaka kichwani. Wa tano ni mfupi, haufiki kichwani, unaishia njiani, ambako ubavuni mwa shingo kuna kikazio chake peke yake, kile kifungo cha kuvutia na kulegezea uzi. Vikazio vya kichwani vilikuwa vyeusi. Hicho cha ubavuni kilikuwa na kichwa cha mfupa, cheupe, kimelika upande mmoja kwa vidole vya mtu aliyekuwa nacho zamani, Mungu amjaalie popote alipo.

Binti yake alimtafutia kwenye simu masomo ya mzee mmoja wa mbali, mwenye kofia na sauti ya usingizi, anayefundisha mtindo uitwao blugrasi. Maneno ya mzee Spoki hakuyaelewa, lakini mikono yake ilitosha. Katika mtindo huo nyuzi hazipigwi kwa mkupuo. Vidole vitatu vinapokezana, gumba, cha shahada, cha kati, kimoja baada ya kingine bila kupumzika, na kidole gumba hakikai sana kabla ya kurudi kwenye ule uzi mfupi, kama mtu asiyeweza kwenda popote bila kupitia kwanza kwa mama yake.

Ujanani Spoki alipiga gitaa kwa vidole viwili, gumba na cha shahada, kama wengi wa rika lake. Kidole cha kati hakikuwahi kutumwa kazi yoyote zaidi ya kutafuta tundu la pancha. Kilipoitwa, kilishangaa. Kilikuja kimechelewa, au kilikuja pamoja na mwenzake vikagongana mlangoni. Cha pete na cha mwisho vilitakiwa vitulie tu juu ya ngozi, vishikilie.

"Hao wawili mbona wamekaa kama wageni wanaosubiri chai?" mkewe aliuliza.

"Ndiyo kazi yao."

"Basi na mimi nitafutie kazi kama hiyo."

Kuna pia kucha za kuvaa, mbili za chuma na moja ya plastiki ya kidole gumba. Spoki alizivaa zile za chuma juu ya kucha zake mwenyewe, kama kucha zinavyokaa kwa binadamu, akahangaika nazo zikiruka na kuangukia kwenye kopo la grisi. Mpaka alipomtazama yule mzee wa simu kwa makini, akaona kwamba amezigeuza upande wa nyama ya kidole. Akajicheka, akazigeuza na yeye.

Lakini kilichomtesa hasa ni hesabu. Gumba, shahada, kati. Gumba, shahada, kati. Halafu mzunguko unakatwa: gumba, kati, anza tena. Mguu wake ulitaka tatu tatu siku zote, na kila alipofika kwenye mkato alijikwaa kama mtu aliyedhani kuna ngazi moja zaidi. Alifanya mazoezi kwenye spoki za magurudumu ya watu, kwenye meza ya kula, hata kwenye mgongo wa mkewe wakiwa wamelala.

"Mume wangu," alisema mkewe bila kugeuka, "hapo hakuna uzi."

Ikaja siku mama mkwe alileta kigari chake cha kubebea mizigo kizibwe pancha. Akaketi kwenye kigoda, mkoba mapajani. Spoki, kwa haya, aliendelea kupiga polepole huku gundi ikikauka. Yule mama akasikiliza mpaka akasahau kigari.

"Hii," alisema, "ni mvua inapoanza kwenye bati. Yale matone makubwa ya mwanzo."

"Bado najifunza, mama."

"Nimeona. Siku nitakapohamia chumba changu kipya utanipigia hiyo, kabla ya bendi ya mwanangu. Wao wana kelele."

Miaka yote ya ndoa yake, mama mkwe hakuwahi kumwomba Spoki kitu zaidi ya upepo wa tairi. Alipoondoka, fundi alibaki ameshika pampu kama mtu aliyekabidhiwa bendera. Tangu siku hiyo hakuwa na wazo lingine ila hilo, kwamba siku ya chumba kipya apige matone yale na yasikike.

Huyo mwanawe mwenye bendi ndiye shemeji yake Spoki, kaka mkubwa wa mkewe. Watu walimwita Kiongozi, na aliitika. Yeye alipiga banjo ya nyuzi nne, kwa kipande cha plastiki, juu chini juu chini, na kwenye sherehe za mtaa hakukosekana. Banjo yake ilikuwa na kikazio kimoja kilichopasuka, amekifunga kwa kitambaa, na kila baada ya wimbo mmoja alikigeukia na kukinong'oneza kama anayembembeleza mtoto. Habari za ombi la mama yake zilimfikia haraka. Akaja kibandani.

"Shemeji, nasikia unaparua."

"Najifunza."

"Hata kuku anajifunza, kila asubuhi." Akacheka peke yake. Kisha akaichukua ile banjo pale ilipotundikwa kati ya rimu, akaigeuzageuza. Kidole chake kikasimama kwenye kile kichwa cha mfupa. "Haiko sawa hii. Nipe nikaitengeneze, usije ukatuaibisha mbele ya mama."

Spoki akampa. Alidhani ndugu yake anamsaidia. Mtu mwingine angedhani nini?

Banjo ilirudi ikiwa inang'aa. Imepakwa vanishi. Ina nyuzi nne. Pale ubavuni palipokuwa na kikazio, tundu lilikuwa limezibwa kwa gundi na unga wa mbao, likapigwa msasa mpaka ukipitisha kidole husikii kitu.

"Uzi mwingine uko wapi?" Spoki aliuliza.

"Ule mfupi? Ulikuwa kasoro, shemeji. Kikazio katikati ya shingo, kama chunusi. Fundi aliyeitengeneza alikosea, mimi nimemrekebishia. Sasa una banjo kamili kama ya watu."

"Na kile kikazio?"

"Nimetupa. Takataka ile."

Spoki aliipokea banjo, akafunga kibanda. Alipofika nyumbani ndipo maneno yalipokuja, yote kwa pamoja. Nani alimwomba? Mtu akikuletea baiskeli yenye magurudumu matatu, unaling'oa moja kwa sababu yako ina mawili? Na kidole gumba sasa kiende wapi? Maana alikuwa amejaribu, na kila zamu ya uzi mfupi ilipofika kidole kilikwenda mahali pake, kwa uaminifu, kikaangukia hewani. Miezi yote ya kukifundisha njia ya kwenda, na huyu bwana amebomoa nyumba.

"Ni kaka yangu," mkewe alisema. "Usimseme vibaya hadharani, nakuomba."

"Hadharani sisemi."

"Nakuona unavyosokota taulo."

Taulo lilikuwa limesokotwa mpaka limekuwa kamba.

Kesho yake hakupokea kazi ya mtu. Alichukua keekee ya kutobolea, akalizibua lile tundu, na alipoona jinsi lilivyozibwa kwa ustadi hasira zikazidi, kwa sababu mtu aliyekosea hafanyi kazi nadhifu hivyo. Kikazio cha banjo hakikupatikana duka lolote alilolijua. Akakata kipande cha spoki upande wenye msokoto wa kufungia nati, akatengeneza kibano kidogo cha bati nene, akakifunga ubavuni. Uzi akaufunga kwenye ncha ya spoki, na nyuma ya kibano akaweka ile nati yake ndogo. Ukizungusha nati kwa ufunguo wa spoki, uzi unavutika. Akavuta polepole, sikio limelazwa kwenye shingo ya banjo, mpaka ukafika pale ulipokuwa zamani. Akapiga. Kidole gumba kikafika nyumbani.

Siku ya kuhama ikawadia. Chumba kipya kilinuka rangi. Viti vya plastiki vilipangwa uani, ndugu wamekaa, bendi imeweka vyombo vyake karibu na ukuta. Spoki akapita kumsalimia shemeji yake kama adabu inavyotaka, mkono umenyooshwa, na macho yake yakaangukia kwenye kichwa cha banjo ya yule bwana. Vikazio vitatu vyeusi. Cha nne cheupe, cha mfupa, kimelika upande mmoja. Kile kitambaa hakipo.

Mkono wake ulibaki hewani muda mrefu kidogo kuliko kawaida. Kiongozi aliushika, akautikisa, akasema, "Karibu, shemeji. Leo usituparulie sana." Na Spoki akaenda kuketi, masikio yanamwaka. Kasoro, alisema. Chunusi, alisema. Takataka. Kumbe takataka inaimba vizuri ikiwa kwako.

Mama mkwe akaita, "Mkwe wangu yuko wapi? Aanze yeye."

Alivaa kucha zake akizibana kwa nguvu. Akaanza polepole, gumba, shahada, kati, na ule uzi uliofungwa kwa spoki ukadondosha tone lake kila ulipoguswa. Kwenye mkato akajikwaa mara moja, mpiga ngoma akaguna, Spoki akaanza tena pale pale. Vidole vikashikana. Mwendo haukuwa wa yule mzee wa simu, ulikuwa wa mtu anayevuka mto kwa mawe, lakini mvua ilikuwa mvua, na mama mkwe alikuwa ametazama juu kwenye bati lake jipya, ameacha mdomo wazi.

Alipomaliza, yule mama alimsogelea, akainama kwenye shingo ya banjo.

"Hii spoki ni ya nini? Palikuwa na kifungo kizuri cha mfupa hapa. Nilikipenda."

Spoki alimwangalia mkewe. Mkewe aliangalia chini.

"Muulize mwanao, mama," alisema kwa sauti ndogo.

Watu wote wakageuka, na mahali pa kutazama palikuwa wazi, peupe, kwenye kichwa cha banjo ya Kiongozi.

"Kilikuwa hakina kazi, mama," Kiongozi alisema.

"Uliniambia umekitupa," Spoki alisema.

"Si ni hivyo hivyo."

"Ndiyo. Ulikitupia kwenye banjo yako."

Mpiga ngoma alicheka, akajifanya anakohoa. Mama mkwe hakucheka. Alimtazama mwanawe jinsi alivyomtazama alipokuwa mdogo wa kimo, akasema, "Mpe."

Hapo ndipo kila mtu alipomgeukia Spoki na kungoja. Walijua atakachosema, maana walimjua: acha tu, shemeji, baki nacho, mimi nina spoki yangu. Hata yeye alisubiri kulisikia neno hilo likitoka kinywani mwake, na halikutoka. Alisimama, akaenda kwenye banjo ya Kiongozi, akaulegeza uzi wa kile kikazio mpaka ukatoa mlio kama mlango wa stoo, akachomoa kikazio, akakifuta kwa leso, akakitia mfuko wa shati.

"Endeleeni," aliwaambia bendi.

Wakaendelea, banjo yao ina nyuzi tatu, mchana kutwa, kama mtu anayetabasamu bila jino la mbele.

Kikazio cha mfupa sasa kinaning'inia kwenye msumari kibandani, pale mbele kabisa, usawa wa macho. Spoki hakukirudisha kwenye banjo yake, spoki inashika vizuri zaidi.

"Mpe basi kaka, wewe hukitumii," mkewe humwambia.

"Aje aombe."

"Ataona haya."

"Aje nazo."

Kiongozi bado hajaja. Siku hizi hupita ng'ambo ya barabara, amekaza macho kwenye duka la dawa kama mwenye homa. Spoki akimwona, kidole gumba chake huupiga ule uzi mfupi kwa nguvu zaidi kuliko yule mzee wa simu anavyotaka, mara ya kwanza, mara ya pili. Kisha unafika mkato, na kwa kuwa macho yake yako barabarani na si kwenye vidole, anajikwaa, anasonya, na inambidi aanze upya.