Kamba ya Katani Mkononi Mwake

Karakana yetu ya vioo ilikuwa Mchafukoge, chumba kimoja kirefu chenye mlango wa mabati, mwendo mfupi tu kutoka sokoni Kariakoo. Tulikuwa wawili. Mwenzangu, mtu wa Pwani aliyenizidi miaka kama kumi, ndiye aliyekuwa fundi. Mimi nilitoka Kilimanjaro na cheti cha kidato cha nne, nikajifunza kazi kwake. Nilimwita kaka. Yeye aliniita msomi, hasa siku nilipokosea vipimo.

Nikiikumbuka karakana ile, kwanza inanijia harufu ya puti, ule udongo wa mafuta tuliokazia vioo madirishani, halafu harufu ya kahawa ya muuzaji aliyepita akigonganisha vikombe. Kazi yetu kubwa miaka ile ilikuwa fremu za picha ya Rais, maana kila duka na kila ofisi ilitundika yake. Kaka alipitisha kikatio juu ya kioo mara moja tu, kisha akakivunja kwa vidole, huku akiendelea kubishana na mteja kuhusu mpira. Sijaona tena vidole vya namna ile.

Ilikuwa pia miaka ya foleni. Sabuni foleni, sukari foleni, nguo foleni. Aliyechoka kusimama aliweka jiwe mahali pake akaenda zake, na watu waliliheshimu lile jiwe kama vile ni mwenyewe amesimama. Mama yangu alikuwa anakuja Dar kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi, na nilikuwa nimejiapiza kwamba atavaa khanga mpya. Niliposikia duka la ushirika limepata mzigo, nikaenda kuweka jiwe alfajiri. Kaka alinishikia kazi bila kunung'unika. Alinitania tu kwamba watu wa mlimani hata khanga tungezifungia kabatini zisichakae.

Nilirudi saa nne na nusu asubuhi na doti moja, nyekundu na nyeupe, imefungwa kwa gazeti. Nikaiweka juu ya benchi. Kaka akasema tumalizie kioo cha dirisha la duka la jirani, kioo kikubwa cha kubebwa na watu wawili. Tukakiinua. Kilikuwa na ufa ambao hatukuuona. Kikakatika, na kipande cha upande wa kaka kikashuka juu ya mkono wake wa kulia, kwa ndani, chini kidogo ya kiwiko.

Damu haikutiririka. Iliruka, kwa mapigo, ikafika ukutani.

Nilikuwa nimepita mafunzo ya mgambo, na huduma ya kwanza tulifundishwa vizuri. Nikamlaza chini, nikauinua mkono, nikavua shati langu, nikalikunja na kulikandamiza juu ya jeraha kwa nguvu zangu zote. Shati likalowa mpaka vidole vyangu vikateleza. Nilijua linalofuata: funga mkono juu kidogo ya jeraha, upande wa begani, kwa kitambaa kipana, upana wa vidole vinne, pitisha kijiti, sokota mpaka damu isimame. Mwalimu wetu alilirudia neno kipana mpaka tukawa tunamwigiza. Kamba nyembamba, alisema, huzama kwenye nyama na kuharibu mishipa.

Kitambaa kipana kilikuwa benchini, hatua moja kutoka nilipopiga magoti. Naandika hivi ili nisijifiche: nilikitazama. Nikamfikiria mama akishuka kwenye basi, nikageukia upande wa pili na kuchukua kamba ya katani iliyofungia makasha ya vioo. Nikaizungusha mara mbili, nikapitisha bisibisi, nikasokota. Damu ikasimama. Kwa penseli ya kuchoria kioo nikaandika saa niliyofunga kwenye paji la uso wake, kama tulivyofundishwa.

"Msomi," akasema kwa sauti ndogo, "kamba yako inauma kuliko kioo."

Nikamwambia avumilie.

Petroli ilikuwa adimu, teksi haikupatikana. Majirani wakaleta mkokoteni, tukamlaza juu ya magunia na kumkimbiza hospitali. Nilisukuma kwa mkono mmoja. Kwapani nilikuwa na lile furushi la gazeti, kwa sababu karakana tuliiacha wazi na niliogopa lisije likaibiwa.

Muuguzi mmoja wa makamo aliiangalia kamba ilivyozama. Akauliza nani amefunga. Nikasema ni mimi, nikisubiri sifa.

"Umemwokoa, ndugu," akasema. "Lakini hapakuwa na kitambaa?"

"Hapakuwa."

Akalitazama furushi kwapani mwangu. Gazeti lilikuwa limechanika pembeni na wekundu wa khanga unaonekana. Akaenda kumwita daktari.

Kaka alipona. Vidole vitatu vya mkono ule havikupona. Daktari alisema huenda ni kioo kilichokata mishipa ya fahamu, huenda ni kamba, hakuna awezaye kujua. Kwa miaka mingi niliishi ndani ya huenda ile ya kwanza. Kazi ya vioo akaiacha, akaenda kuuza kahawa Magogoni, karibu na kivuko, akimimina kwa mkono wa kushoto. Nilimtembelea karibu kila wiki, na kila mara aliwaambia wateja wake: "Huyu mnayemwona ndiye aliyeniokoa." Watu walinipisha kwenye benchi. Nilikunywa kahawa yake huku macho yangu yakiwa chini.

Nilimwambia tulipokwisha kuota mvi wote wawili, alasiri moja barazani kwake. Nilimweleza kuhusu benchi, khanga, na jibu nililompa muuguzi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mama alizivaa?" akauliza.

"Alizivaa mpaka zikachanika."

"Alhamdulillahi. Ungeniambia mapema, msomi. Ningekutukana, yakaisha. Sasa nimezeeka, hata matusi sina."

Tukacheka, na mkewe akatuletea chai. Nilidhani yameisha hapo.

Wiki iliyofuata nilimkuta ana mgeni, kijana mume wa binti yake. Kijana akaniamkia, nikaitikia marahaba, nikasubiri yale maneno niliyoyazoea. Kaka akasema, "Huyu tulifanya kazi pamoja zamani, Mchafukoge." Akanivutia kiti, akaendelea na mazungumzo yao.

Mpaka alipofariki hakunitambulisha tena kwa namna nyingine, na mimi sikumwuliza.